Kilio cha Vumilia

Juzi, kwenye kilio cha Mama Sifa, wanawake walifungua pipa la unga wa muhogo ili wasonge bukari ya watu waliolala matanga. Mimi, mama mzima mwenye watoto wa kuoa, nikainama juu ya pipa nikavuta pumzi ndefu. Nilikuwa natafuta harufu ya mazuti, yale mafuta ya dizeli. Haikuwapo, bila shaka. Pipa lile limekwisha kuoshwa na kujazwa mara zisizohesabika tangu miaka ya vita. Lakini pua ina ukaidi wake. Wengine wakinusa unga wa muhogo wanakumbuka jua na jamvi la kuanikia. Mimi nakumbuka gari.

Na nikisema gari, ninyi wa rika langu mliokulia Kalemie mtanielewa. Sisemi hizi za leo zenye vioo vya kupanda kwa kubonyeza kidole. Nasema kamio, yale magari makubwa ya zamani yenye pua ndefu, taa zimejitokeza nje kama macho ya chura, bodi ya mbao ngumu, na mlango wa chuma ambao usipoujua hila yake hufungui hata ukilia. Letu mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa komeo la dirisha la nyumba. Ukikwaruza rangi ya buluu ulikuta kijani, ukikwaruza kijani ulikuta nyekundu, na chini kabisa palikuwa na rangi ya udongo ya enzi za Wabelgiji. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na ubao, na kwenye ubao babu yetu alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa herufi nyeupe zilizolala upande: VUMILIA.

Babu alikuwa shofere wa kampuni ya pamba. Mzungu wake alipoondoka kwa haraka hakuweza kulipakia gari kwenye boti, akamwachia babu. Babu naye alipofariki, akaliacha kwa Papa, baba yetu. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Niko na watoto wane. Mukubwa wao analala inje." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa mdogo na niliamini. Asubuhi nikienda msalani nilikuwa namsalimia Vumilia kwanza, maana ndiye mkubwa wetu, na kumruka mkubwa bila salamu ni utovu wa adabu.

Vita kwa mtoto havianzi na risasi. Kwangu vilianza na vitu kutoweka. Sukari iliondoka, ikafuata chumvi, kisha sabuni, kisha mwalimu wetu wa hesabu, na huyo sikumlilia. Mwisho yakaanza kutoweka magari. Askari waliokuwa wameushika mji walihitaji kupeleka watu na masanduku yao upande wa Nyunzu na Manono, na kila kamio iliyoweza kutembea waliichukua. Waliichukua pamoja na shofere wake. Nani mwingine angeweza kuliendesha zee la namna ile?

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Papa Sifa, rafiki ya Papa tangu ujana wao. Yeye aliendesha kamio nyekundu, na sauti ya breki zake tuliijua ikiwa bado kwenye daraja la Lukuga. Siku walipomchukua alitoa kichwa dirishani akamwambia mke wake amwekee samaki, mikebuka ya kuchoma, atarudi Jumamosi. Baadaye watu waliokimbia kwa miguu walisema wameiona kamio nyekundu pembeni ya barabara, imeungua. Kuhusu Papa Sifa hakuna aliyekuwa na neno. Mama Sifa aliendelea kupika, na kila jioni alifunika sahani moja juu ya nyingine.

Siku chache baadaye mtu akamnong'oneza Papa sokoni kwamba safari hii wanakuja kwa Vumilia. Wakubwa wakakutana jikoni. Mimi nilikuwa nachambua maharage, na mtoto anayechambua maharage haonekani.

"Gari yenye kutembea inaita shofere," Papa alisema. "Tutaifungua yote, tugawanye vipande ku majirani. Wakikuta mifupa tu, hawana kazi na miye."

"Na makelele?" aliuliza Mama. "Mutapiga nyundo siku nzima, na watu wanapita na machuma ku kichwa. Nani hataona?"

Papa mudogo Kashindi, mdogo wake Papa, ndiye aliyekuja na shauri. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na ulimi wake mwepesi zaidi. "Tufanye kilio," akasema. "Ku kilio watu wanaingia, wanatoka, wanabeba masufuria na majamvi, wanapiga ngoma. Hakuna muntu anauliza."

"Kilio ya nani?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Ya Papa Sifa. Si wote tunajua kama ile motokari iliungua?"

Nkambo, yaani bibi yetu mzaa Papa, alikuwa anamenya muhogo. Aliweka kisu chini. Nkambo alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, lakini akiweka kisu chini nyumba ilikuwa inakaa kimya.

"Nani aliona maiti yake?" akauliza. "Muke wake anamupikia kila siku, na weye unataka tukae hapa tulie jina yake, yeye anasikia? Kilio ya uongo inaita kifo. Miye siwezi."

"Basi Mama, tufanye je?" Papa alikuwa amechoka.

"Kwani hamuna maiti yenu? Si munaenda kuichinja kesho? Tutalilia gari. Na tutalilia kweli, si kwa mudomo tu."

Nikaacha maharage yakamwagika. Nilikuwa nimesikia neno moja tu: kuchinja.

Kulipokucha, Papa na wenzake walijifungia nyuma ya uzio wa matete wakaanza kazi, na upande wa mbele wanawake wakatandika majamvi, wakawasha moto, wakaleta ngoma. Mwanzoni wengi walikuwa wanacheka ndani ya vitenge vyao. Kulilia kamio! Mama mmoja alijaribu kupiga kelele ya msiba, ikamtoka kwikwi ya kicheko, ikabidi aende kunywa maji. Nkambo hakucheka. Alijifunga kitambaa kichwani kama mfiwa, akasimama katikati ya jamvi, na akaanza kutoa historia ya marehemu, kama inavyotolewa kwa mtu yeyote aliyekufa kwa heshima.

Alisema Vumilia alifika kwa reli akiwa vipande, ndani ya masanduku ya mbao, na wanaume walimfunga palepale karibu na stesheni, boliti kwa boliti, mji mzima ukitazama. Alisema siku alipowaka kwa mara ya kwanza mbuzi wa stesheni walikimbia hadi ufukweni. Alisema yeye mwenyewe, Nkambo, alikuwa msichana anayeuza ndizi, na shofere mmoja kijana alisimamisha gari hilo kumwuliza bei, akanunua ndizi moja. Kesho yake akasimama tena, akanunua moja.

"Njo vile nilijua hatafuti ndizi," akasema, na hapo sauti ikamkatika. Watu wakaacha kucheka.

Baada yake wengine wakasimama. Mzee mmoja alisema Vumilia ndiye aliyempeleka hadi kule Bendera alipopata kazi kwenye mitambo ya umeme, na mvua ilinyesha njia nzima, na gari lilikwama na kukwamuka hadi abiria wote wakawa ndugu. Mama mkunga alieleza jinsi mtoto alivyozaliwa juu ya magunia ya maharage ya Kirungu, kwenye mteremko, babu amezima injini ili mtikisiko usimwumize mzazi, halafu akashindwa kuiwasha, ikabidi abiria washuke wasukume, mtoto mchanga akilia juu. Mwanaume mmoja akanyoosha mkono nyuma kabisa. "Ule mutoto njo miye," akasema, na akalia bila aibu. Na kwa kila historia kikundi cha ngoma kiliitikia, na nyuma ya uzio nyundo zikaitikia pia, nami nilidhani ndivyo gari linavyozikwa.

Nimekaa na kumbukumbu hiyo miaka mingi, na nadhani ndiyo sababu sijaona mtu akiyadharau magari ya zamani mbele yangu akabaki na amani. Gari la leo linakufikisha, basi. Vumilia alikuwa polepole mno, na katika polepole yake watu walipata muda wa kuoana, kuzaliwa na kupatana.

Kisha ukaja mgawanyo. Mimi nilikuwa nimeona jambo hilo kwenye msiba wa babu: koti lake lilikwenda kwa mmoja, redio kwa mwingine, baiskeli kwa Papa mudogo Kashindi. Kwa hiyo nilipoona vipande vya Vumilia vinatoka uani kimoja kimoja, nilijua ni urithi. Usukani ulifungwa kitenge ukaenda kwa kiongozi wa kwaya, akautundika ukutani na kuuzungushia maua ya karatasi. Taa zilikwenda kwa mama mkunga. Magurudumu yaliingia chini ya vitanda vya watu. Giaboksi ilifungwa ndani ya jamvi na kubebwa na wanaume wanne kama mgonjwa, na mama mmoja aliandamana nao akiipepea kwa kitambaa ili picha ikamilike.

Ilibaki pompe ya mazuti, ile pampu inayopeleka mafuta kwenye injini. Papa aliifunga kwa kitambaa kilicholowa mafuta, kisha kwa mpira wa ndani wa tairi, akaibeba mwenyewe kama mtu anavyobeba yai.

"Mama Sifa," alisema, "hii njo roho yake. Bila hii, ile ingine yote ni machuma tu. Unilindie."

Mama Sifa aliipokea kwa mikono miwili. Alikwenda nayo nyumbani akaizika katikati ya pipa lake la unga.

Mimi nilipewa kifuniko cha radiateri, kizito, cha rangi ya fedha, kilichochakaa pembeni kwa vidole vya babu na vya Papa. Nililia sana. Nkambo alidhani nauigiza msiba akanisifu.

Askari walikuja siku ya mwisho ya matanga, mchana, jua likiwa kali. Papa alikuwa ndiyo kwanza ametoka uani, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Mikono ile ingesema kila kitu. Mama aliwaona akiwa kwenye kinu, na bila kuinua sauti akamvuta Papa kwa shati, akamtumbukiza mikono yote miwili ndani ya beseni la ngazi, zile chikichi za mawese, zilizotwangwa. "Kamua," akamwambia. Na baba yangu, shofere mwana wa shofere, ambaye hajawahi hata kuchemsha maji, akaanza kukamua mawese mbele ya mji mzima.

Afande aliyewaongoza alikuwa kijana. Akatazama majamvi, ngoma, akina mama waliofunga vichwa. "Nani amekufa?"

"Hii gari," Nkambo alijibu, akamwonyesha kwa kidevu. Uzio ulikuwa umefunguliwa, na pale ilipokaa injini ya Vumilia palikuwa na tundu tupu, na kabini imekaa juu ya mawe, na kuku mmoja ameshaingia. "Imetulisha tangu nikiwa musichana. Leo imekwisha. Umekuja na kofia ku kilio, mwanangu?"

Kijana yule alivua kofia. Nadhani alivua kabla ya kufikiri, kama mtu aliyelelewa na bibi. Mmoja wa askari wake akacheka, akamwonyesha Papa. "Angalia huyu mwanaume, anakamua mawese!" Wakacheka wote, Papa naye akacheka kidogo, jasho likimtiririka. Afande akalizunguka gari, akapiga teke chuma kimoja, akachungulia ndani akakutana macho na kuku. Kabla ya kuondoka aliweka pakiti ya sigara kwenye sahani ya rambirambi. Walipopinda kona Papa alikaa chini palepale, mikono ikingali ndani ya beseni, na Mama akaanza kumpangusa uso kwa kitenge chake, polepole.

Miaka iliyofuata Papa alibeba ndagala, dagaa wa ziwani, kwa baiskeli. Kuku walitaga ndani ya kabini na sisi watoto tuligombania mayai. Jumapili baada ya ibada Papa alikuwa anazunguka kwa majirani: anakaa kidogo, anakunywa maji, anauliza, "Haijambo?" Wanamjibu, "Haijambo, iko kavu." Mimi nilimwonea huruma. Niliona ni mfiwa anayetembelea warithi, asiyeweza kusahau.

Halafu barabara zikaanza kufunguka, na watu wakaanza kutoka Kirungu na magunia kichwani bila kukimbia. Asubuhi moja kiongozi wa kwaya aliingia uani kwetu ameshika usukani, maua ya karatasi yakiwa bado juu yake. Nyuma yake alikuja mama mkunga na taa. Siku nzima watu walileta. Papa alipanga vyote juu ya jamvi, akaanza kufunga, na Vumilia akaanza kuwa na umbo. Papa akanyoosha kiganja kwangu. "Lete kifuniko."

"Hapana," nikasema. "Ni urizi yangu. Urizi hairudishwi."

Alinitazama kwanza, ndipo akafahamu, akapiga magoti ili macho yetu yalingane. "Haikuwa urizi, mama yangu. Haikukufa. Tuliwapa mulinde tu. Kila muntu analinda kipande yake, siku wote wakirudisha, inaamuka."

Nilimpa. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi kubwa wakati huo.

Lakini pompe haikuja. Jua lilipinda, kila kitu kimefungwa, na wanaume wamekaa wakifuta mikono iliyokwisha kufutwa. Papa mudogo Kashindi alitaka kwenda kuiomba. Papa akamkataza. Ungesimamaje mlangoni kwa mwanamke ambaye gari la mume wake halikurudi, umwambie sasa leta roho ya langu? "Tungoje," akasema. "Kama haileti, hatutauliza."

Alikuja mwenyewe, mama yule, anatembea katikati ya njia na beseni kichwani. Alikuwa amejaa unga hadi kwenye nyusi. Alilitua beseni mbele ya Papa, akatia mikono, akaitoa pompe nyeupe kama mtoto aliyepakwa poda. "Niliigeuza kila juma," akasema, "isilalie upande moja."

Papa aliifunga huku akipepesa macho sana. Kisha tukasukuma, mtaa mzima, hadi kwenye mteremko wa njia ya ziwa. Vumilia alikohoa, akakohoa tena, akatoa moshi mweusi na unga mweupe kwa pamoja, akanguruma. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu kama zamani. Akina mama wakapiga vigelegele, Nkambo akacheza hadi kitambaa kikamwanguka. Nami, katikati ya furaha ile, nikavuta kitenge cha Mama Sifa na kumwuliza kile ambacho kichwa changu kilikuwa kimekipiga hesabu tangu mchana.

"Mama Sifa, na Papa Sifa? Vipande yake inalinda nani?"

Mama aliniita kwa jina langu lote. Lakini Mama Sifa aliniwekea mkono wa unga kichwani.

"Iko ku miye, mwanangu," akasema. "Yote. Ninalinda."

Jioni ile alileta ule unga wa kwenye beseni. Katika miaka ile nani angetupa unga? Nkambo aliusonga, na tukala wote pamoja bukari iliyonukia mazuti, tukisifu mapishi kwa midomo iliyokunjamana. Mama Sifa alikata tonge kubwa, akaliweka kwenye sahani, akaifunika kwa sahani nyingine. Hakuna aliyeshangaa. Kuanzia siku hiyo Papa hakuanza safari bila kupitia kwanza mbele ya mlango wake. Aliacha injini ingurume kidogo, Mama Sifa akatoka, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akapunga mkono: nendeni.

Papa Sifa hakurudi. Na mke wake, hadi anazeeka, hakukubali kilio chake kifanywe. Ndugu walimshauri, mapadri walimshauri. Alisikiliza wote kwa heshima, na jioni akafunika sahani.

Kwa hiyo juzi, ilipofika saa ya historia ya marehemu, Papa alisimama kwa fimbo yake. Ni mzee sasa, na magoti yake yanalia kuliko breki za zamani. Alieleza maisha ya Mama Sifa, unga na pompe, wajukuu wakacheka. Watu wakadhani amemaliza. Akabaki amesimama. Kisha akaanza upya, taratibu, kumweleza rafiki yake: alizaliwa wapi, alivyopenda mikebuka, alivyotoa kichwa dirishani siku ile. Jina ambalo hakuna aliyethubutu kulililia Papa alilitamka mbele ya watu wote, na Sifa, binti yao, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na sisi sote tukamfuata.

"Alimulinda pekee yake miaka hii yote," Papa akasema. "Leo anamurudisha."

Tulimpeleka makaburini juu ya Vumilia, kwa mwendo wa polepole kama wa mtu wa miguu, injini ikinguruma. Mbele ya mlango wa Mama Sifa Papa alimwambia mjukuu wake, anayeendesha siku hizi, asimame kidogo. Akasimama. Tukasikiliza. Kisha Papa akapunga mkono, tukaenda.